Chester Himes na Askari Kanzu Wawili wa Harlem

Sisi watu wa pwani hadithi za upelelezi tulizionja kwanza kwa mkono wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyemzua Bwana Msa. Katika vitabu vile, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa mwaka 1960, mtu huuawa, watu wakasema ni kazi ya mizimu, kisha Bwana Msa akaja na kiko chake na akili yake, akalifumbua fumbo, na msomaji akafunga kitabu roho imemtulia. Walakini yupo mwandishi mwingine wa hadithi za namna hiyo ambaye hamwachi msomaji akatulia. Naye ni Chester Himes, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1984, aliyeandika mfululizo wa riwaya juu ya askari kanzu wawili weusi wa mtaa wa Harlem, mjini New York.

Nimewasikia watu wakigombana juu ya Himes kwa namna ambayo sijawasikia wakigombana juu ya Bwana Msa. Mmoja atakwambia kuwa huyu ni mtu aliyewavua nguo ndugu zake mbele ya wageni ili apate fedha ya pango. Mwingine atakwambia hapana mwandishi wa hadithi za polisi aliyeisema dhulma ya rangi kwa ukali kama wake. Na wote wawili wamevisoma vitabu vile vile. Basi ili msomaji aweze kupima mwenyewe, yafaa kwanza ajue mtu huyu alitoka wapi.

Chester Bomar Himes alizaliwa tarehe 29 Julai 1909 katika mji wa Jefferson City, jimbo la Missouri. Wazee wa wazazi wake walikuwa watumwa. Baba yake alikuwa fundi wa chuma na magurudumu, akifundisha kazi za mikono katika vyuo vya watu weusi, naye alikuwa mweusi wa rangi. Mama yake, Estelle Bomar, alikuwa mweupe wa ngozi, mwanamke aliyesoma, aliyejivunia damu ya Kizungu iliyokuwamo katika ukoo wake. Nyumba ile haikuwa na amani. Mama alimwona mumewe kuwa mnyenyekevu mno mbele ya Wazungu, baba alimwona mkewe kuwa mwenye kiburi cha rangi, na watoto watatu wa kiume walikua katikati ya magomvi hayo.

Msomaji wa Lamu au wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Sisi nasi tunazo nyumba ambamo mposaji hurudishwa kwa kuwa hana nasaba, au nasaba anayo lakini ngozi yake haikuridhisha. Basi na aikuze hali hiyo mara kumi, aiwekee na sheria za serikali nyuma yake, ndipo ataijua nyumba aliyolelewa Himes.

Lakini lililomkata moyo zaidi lilitokea Pine Bluff, jimbo la Arkansas, ambako baba alikuwa akifundisha. Chester na kaka yake Joseph, ambaye alimzidi umri kidogo, walikuwa wamejitayarisha kuonyesha mbele ya watu jaribio la kemia la kuchanganya dawa za baruti. Siku hiyo Chester alikuwa amemkosea mama yake adabu, na mama akamkataza asipande jukwaani. Joseph akafanya peke yake. Mchanganyiko ule ukamlipukia usoni. Wazazi wakamkimbiza hospitali ya Wazungu, na hospitali ikakataa kumtibu kwa kuwa ni mtoto mweusi. Joseph akapofuka. Himes aliyaandika haya miaka mingi baadaye, na mtu akiyasoma huona kuwa bado yu pale mlangoni pa hospitali, na kwamba hajui amlaumu nani kwanza, daktari, mama yake, au nafsi yake. Joseph mwenyewe, kwa kudra ya Mungu, alisoma akiwa kipofu hadi akawa profesa wa elimu ya jamii. Mdogo wake mwenye macho mawili ndiye aliyepotea njia.

Familia ilihamia Cleveland, Ohio. Mwaka 1926, baada ya kumaliza skuli, Chester alipata kazi ya kusaidia mezani katika hoteli moja, na siku moja alifungua mlango wa lifti akatia mguu akidhani lifti ipo. Haikuwapo. Aliporomoka shimoni, akavunjika mgongo, mkono na taya. Alipona, akaingia chuo kikuu cha Ohio State mwaka huo huo, wala hakudumu. Akatumbukia katika nyumba za kamari na mambo yanayofuatana nazo. Mwezi wa Novemba 1928 aliingia na bastola katika nyumba ya wazee wawili matajiri, mtu na mkewe, akawanyang'anya fedha na vito, akakimbilia Chicago. Huko alikamatwa akijaribu kuuza pete. Kwa maelezo yake mwenyewe, mapolisi walimfunga miguu wakamning'iniza kichwa chini wakampiga mpaka akakiri. Hakimu akamhukumu kifungo cha kazi ngumu cha miaka 20 hadi 25. Umri wake ulikuwa miaka 19.

Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili la kupigwa na polisi, maana tutalirudia.

Gereza la Ohio ndilo lililomfanya mwandishi. Humo alisoma magazeti ya hadithi za majambazi na wapelelezi, na kwa fedha aliyoshinda katika kamari za wafungwa akanunua taipureta. Tarehe 21 Aprili 1930 moto ulizuka gerezani, na wafungwa 322 wakafa, wengi wao wakiwa wamefungiwa vyumbani mwao. Himes aliuona moto huo kwa macho yake. Hadithi aliyoiandika juu yake ilichapishwa mwaka 1934 katika Esquire, gazeti kubwa la Marekani lililokuwa likisomwa na Wazungu wenye uwezo. Gazeti hilo lilimtambulisha kwa nambari yake ya mfungwa, 59623. Naona ajabu kila nikifikiri kuwa wasomaji wa gazeti hilo walimjua kwa nambari.

Aliachiliwa kwa sharti mwaka 1936, na mwaka uliofuata akamwoa Jean Johnson, mwanamke aliyempenda tangu kabla ya kifungo. Miaka ya vita vikuu vya pili walihamia Los Angeles, wakidhani huko magharibi mtu mweusi hupata nafasi. Kwa hesabu yake mwenyewe, Himes alifanya kazi 23 katika miaka mitatu, na katika hizo mbili tu ndizo zilizohitaji ufundi wowote. Kutokana na machungu hayo iliandikwa riwaya yake ya kwanza, If He Hollers Let Him Go, iliyotoka mwaka 1945, juu ya msimamizi mweusi katika kiwanda cha kuundia meli ambaye mwanamke wa Kizungu anamsingizia kuwa amemwingilia kwa nguvu. Kitabu kilisomwa. Cha pili, Lonely Crusade cha mwaka 1947, kilimfikisha ukingoni. Ndani yake aliwasema matajiri, akawasema wakomunisti, akavisema vyama vya wafanyakazi, akawasema Wazungu wenye huruma za mdomoni, na weusi wenzake pia hakuwasaza. Basi kila upande ukamkataa. Hapo ndipo alipoanza kuona kuwa nchini mwake hana msomaji.

Akarudia kazi za kufagia, kubeba mizigo na kulinda nyumba za watu. Ndoa ikavunjika. Mwezi wa Aprili 1953 alipanda meli kwenda Ufaransa, akiwa na miaka 43, ameandika vitabu vilivyosifiwa na wachache na kununuliwa na wachache zaidi.

Paris ilikuwa na waandishi weusi wengine wa Kimarekani waliokimbia ubaguzi, mkubwa wao akiwa Richard Wright. Walakini aliyemgeuzia Himes maisha yake alikuwa Mfaransa, Marcel Duhamel, mfasiri aliyekuwa ameitia If He Hollers katika Kifaransa, na ambaye mwaka 1945 alianzisha katika nyumba ya uchapishaji ya Gallimard mfululizo wa vitabu vya upelelezi uitwao Série noire. Himes alikwenda kutafuta fedha. Duhamel akamtaka aandike hadithi ya upelelezi. Himes akamjibu kuwa hajui kuandika mambo hayo. Duhamel akamwambia aandike kama anavyoandika siku zote, ila aanze na tendo, mtu anafanya jambo, mlango unafunguliwa, bastola inatolewa, watu wanasema. Wala asikae kueleza mtu anafikiri nini.

Nami kama mtunzi wa mashairi naona hapa palipatikana siri kubwa. Himes kwa miaka ishirini alikuwa akieleza hasira ya mtu mweusi, na kila alipoieleza watu waliziba masikio. Alipoambiwa asiieleze bali aionyeshe inatembea barabarani na kofia kichwani, masikio yakazibuka. Watu wa Mombasa wanalijua jambo hili tangu enzi za Muyaka bin Haji. Neno la siasa lisemwe waziwazi, liwakere wenye nguvu. Livishwe mzaha na fumbo, litaimbwa mpaka ndani ya nyumba ya anayesemwa.

Basi mwaka 1957 kikatoka Marekani kitabu For Love of Imabelle, na mwaka 1958 kikatoka kwa Kifaransa. Kinaanza na mjinga mmoja aitwaye Jackson, mfanyakazi wa mzika maiti, anayewaamini matapeli waliomwambia wanaweza kuzigeuza noti zake za dola kumi ziwe za dola mia. Wasomaji wa Kenya watacheka hapo, maana utapeli huo wa noti tunao mpaka hivi leo na watu wazima wenye elimu wanaingia. Jackson ana ndugu anayejivika nguo za mtawa wa kike wa Kikristo, anasimama njiani akiuza tiketi za kwenda peponi. Ukisoma kurasa hizi utadhani Abunuwasi amehamia New York. Lakini Abunuwasi hakati watu koo, na katika Harlem ya Himes koo zinakatwa, tena katikati ya kicheko.

Katika kitabu hicho ndimo walimoingia askari kanzu wake wawili, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones. Lakabu zao maana yake ni Ed wa Jeneza na Mchimba Kaburi, na watu wa Harlem waliwapa lakabu hizo kwa haki. Ni watu wazima wenye wake na watoto, wamevaa suti zilizochakaa, wana gari bovu na bastola ndefu. Wenye madanguro na wachezesha kamari wanawaacha, maana wanajua watu wataendelea kucheza kamari. Wezi, matapeli na wageni wanaokuja kuwanyonya maskini wa Harlem ndio wanaowashukia kwa makofi na risasi. Wakubwa wao ni Wazungu wanaowatuma kazi chafu. Watu wao wenyewe wanawaogopa, na wengine wanawaita vibaraka. Wamesimama katikati ya moto na maji.

Sasa turudi kwenye lile jambo la kupigwa. Mtu aliyeningʼinizwa kichwa chini na polisi, akafungwa kwa ungamo lililotolewa hivyo, alipokaa kuandika aliwafanya mashujaa wake kuwa polisi wanaopiga watu. Wasomaji wengi jambo hili limewakwaza. Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi ya upolisi miaka mingi hukasirika akivisoma vitabu hivi, husema askari wa namna hiyo ni hatari kuliko majambazi. Mimi naona Himes alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Katika kitabu cha kwanza Coffin Ed anamwagiwa tindikali usoni. Katika kingine, The Real Cool Killers, kijana mmoja anamrushia maji kutoka kwenye chupa, na Ed, akidhani ni tindikali tena, anampiga risasi akamwua. Yalikuwa manukato. Mwandishi anayetaka tuwasifu polisi wake bila ya swali hataandika jambo hilo. Himes aliliandika, kisha hakulitolea hotuba.

Wafaransa walimpenda upesi. Mwaka 1958 tafsiri ya kitabu kile cha kwanza ilipata tuzo kubwa ya Ufaransa ya riwaya za upelelezi. Jean Cocteau alikisifu, na Jean Giono alisema kwa mzaha wa kusifu kuwa yu tayari kumbadilisha Himes na waandishi wa Marekani wenye majina makubwa. Himes alifurahi kwa fedha, maana alikuwa na shida. Walakini hakudanganyika. Aliona kuwa Wafaransa wengi walikuwa wakiistarehea Harlem kama watu wanaotazama ngoma ya kigeni, wakicheka makosa ya Marekani na kusahau yao, na wakati huo huo nchi yao inapigana vita Algeria dhidi ya Waislamu waliotaka kujitawala.

Kwao Marekani ilikuwa kinyume. Vitabu vile vilitolewa kwa jalada jepesi, vikauzwa kwa bei rahisi, na wahakiki wakubwa hawakuvitazama. Baadhi ya wasomaji weusi waliosoma walivionea haya. Miaka ile ya mwisho ya hamsini na ya sitini ndiyo miaka ya Martin Luther King na maandamano, na watu walitaka dunia imwone mtu mweusi akiwa na tai shingoni na Biblia mkononi. Himes aliwaletea walevi, makahaba, makasisi matapeli na wanawake wanaopigana kwa visu. Waliuliza, na swali lao halikuwa la kipuuzi, ni nani atakayefaidika na picha hii isipokuwa yule anayetutukana?

Swali hilo linakuwa kali zaidi katika Cotton Comes to Harlem, kilichotoka Marekani mwaka 1965. Kasisi wa uongo, Deke O'Malley, aliyetoka gerezani, anakusanya dola 1,000 kwa kila familia kutoka familia 87 za Harlem, akiwaahidi meli ya kuwarudisha Afrika. Majambazi Wazungu wenye vinyago wanaziiba fedha zile dola 87,000, na zinaishia ndani ya robota la pamba. Wakati huo huo kanali mmoja wa Kizungu kutoka kusini anafungua ofisi Harlem kuwashawishi watu warudi mashambani kuchuma pamba, kana kwamba utumwa ulikuwa raha. Kila aliyeishi zama hizo alijua nani anayeguswa hapa. Marcus Garvey aliianzisha kampuni yake ya meli ya Black Star Line mwaka 1919, maskini wakainunulia hisa, kampuni ikafilisika, na Garvey akafungwa mwaka 1925 na kufukuzwa Marekani mwaka 1927. Kwa wengi Garvey ni shujaa, na mimi ni mmoja wao. Himes anamcheka tapeli anayetumia ndoto ya Garvey. Lakini hawacheki wale waliotoa dola elfu zao. Katika kitabu hicho chenye mizaha mingi, familia zile 87 zimeandikwa kwa heshima, na askari kanzu wale wawili wanavunja sheria ili warudishiwe fedha yao yote, naye kanali ndiye anayelipa. Ama yule mzee mwokota takataka aliyeliokota robota, yeye anaonekana mwisho yuko Senegal, ananunua ng'ombe aoe wake. Katika kitabu kizima ndiye peke yake aliyefika Afrika, na hakupitia kwa kasisi yeyote.

Kwa Waislamu wa pwani lipo jambo jingine la kusema. Katika The Real Cool Killers lipo genge la vijana wanaojiita Real Cool Moslems, waliovaa ndevu za bandia na vilemba, wakicheza Uarabu mitaani. Mwalimu mmoja wa chuoni niliyemsimulia habari hii hakucheka. Alinikumbusha kuwa katika Suratul Hujurat waumini wamekatazwa watu kuwacheka watu wengine na kuitana lakabu mbaya, akaniuliza kitabu cha namna hiyo kina faida gani kwa mtu anayeswali.

Mimi nami sikuipenda sehemu hiyo nilipoisoma. Lakini ukiisoma kwa makini utaona kuwa wale ni watoto wa vichochoroni wasiojua lolote katika dini, waliosikia tu kuwa kuna watu weusi Harlem wanaojiita Waislamu na ambao Wazungu wanawaogopa. Wamevaa nguo za kuogopwa kwa kuwa hawana kingine cha kuvaa. Wala Himes hakuwa adui wa watu hao. Alijuana na Malcolm X, akamheshimu, na alisema kuwa aliafikiana naye katika siasa ila katika dini hawakuwa pamoja. Malcolm ndiye aliyehiji Makka mwaka 1964, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akapita Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, na Februari 1965 akauawa kwa risasi New York, mji ule ule ambao Himes aliujaza mauti ya kubuni.

Ama suala la kuwacheka watu, mwalimu yule amesema kweli, na aya ile ni hukumu. Walakini katika Suratun Nisaa limetajwa jambo jingine, kwamba Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe kwa sauti, isipokuwa kwa yule aliyedhulumiwa. Nimeifikiri aya hii mara nyingi nikimsoma Himes. Mtu aliyekaa salama akaandika juu ya walevi wa Harlem ili Wazungu wacheke, huyo ni msengenyaji. Lakini huyu kaka yake alinyimwa matibabu, naye akaungamishwa kwa kipigo, akaingia katika gazeti na nambari ya jela, akafagia sakafu ilhali vitabu vyake vinaozea ghalani. Kwangu mimi ameingia katika lile neno isipokuwa. Kama aliruka mpaka mahali fulani, na aliruka, hasa anapowaandika wanawake, ambao karibu wote kwake ni mwili na hila, hapo simtetei.

Kadiri miaka ilivyokwenda, kicheko kilipungua. Mwaka 1970 Ossie Davis aliigeuza Cotton Comes to Harlem kuwa senema, watu wakajaa kuitazama, na hatimaye jina la Himes likajulikana kwao. Waandishi vijana weusi kama John A. Williams na Ishmael Reed wakamdai kuwa ni mzee wao. Lakini yeye alikuwa ameshapita hapo. Mwaka 1969 alitoa Blind Man with a Pistol, cha nane na cha mwisho kukamilika katika mfululizo ule. Humo mauaji hayafumbuliwi. Maandamano matatu yenye viongozi watatu na maneno matatu yanagongana katika njia moja. Askari kanzu wetu, ambao sasa wamezeeka na kunyimwa ruhusa ya kutumia bastola zao kama zamani, wanaambiwa wamtafute aliyeanzisha fujo. Digger anamjibu mkubwa wake kuwa ni Abraham Lincoln, aliyewaacha huru watumwa bila ya kuwawekea cha kula.

Sisi wa pwani ya Kenya tunaweza kulitafuna jibu hilo. Kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na serikali ya Kiingereza ikamlipa fidia mwenye mtumwa. Mtumwa hakupewa hata hatua ya ardhi, na kesi za mashamba zilizotokana na hapo zimewazika mawakili na wateja wao.

Kitabu kinakwisha kwa kipofu mwenye bastola ndani ya treni ya chini ya ardhi, anafyatua risasi kwa kufuata sauti asizoziona, anawapiga wasiohusika. Himes alieleza kuwa kisa hicho alisimuliwa na rafiki yake, akaona kuwa ghasia zote zisizopangwa ni kama kipofu yule. Wasomaji waliozoea muuaji akamatwe ukurasa wa mwisho walikasirika. Wengine walisema uzee umemharibia kazi. Mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote vyake, ingawa nakiri si kitabu cha kusoma kabla ya kulala.

Himes alikuwa amehamia Uhispania, akajenga nyumba Moraira kando ya bahari ya Mediterania. Alipata kuugua kiharusi, na baadaye ugonjwa wa kutetemeka ukamdhoofisha. Aliandika maisha yake kwa vitabu viwili, kimoja mwaka 1972 na cha pili mwaka 1976. Mwaka 1978 alimwoa Lesley Packard, mwanamke wa Kiingereza aliyekaa naye tangu Paris na aliyemtunza mpaka mwisho. Alifariki Moraira tarehe 12 Novemba 1984, akiwa na miaka 75, akazikwa katika mji wa jirani wa Benissa.

Aliacha hati ya riwaya asiyoweza kuimaliza, Plan B, juu ya vita vya weusi na Wazungu nchini Marekani. Ilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1983, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na Wamarekani waliisubiri kwa lugha yao wenyewe hadi mwaka 1993. Ndani yake askari kanzu wale wawili, waliokula sahani moja tangu mwaka 1957, wanasimama pande mbili juu ya swali kama mtu mweusi anayepigana vita hivyo akamatwe au aachwe. Digger anampiga risasi Ed, naye Digger anauawa papo hapo.

Vitabu vyake bado vinachapishwa, na katika mabanda ya vitabu vikuukuu huonekana mara moja moja, aghalabu bila ya jalada.